Upepo wa Kuja Bondeni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umeketi mlangoni, kifua kimetulia na miwani iko puani, si juu ya kichwa huku unaitafuta nyumba nzima. Mimi mzima, isipokuwa miguu, maana wiki hizi nimepanda na kushuka ule msitu mpaka viatu vimeanza kucheka. Watoto wanakusalimu. Yule mdogo ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kupigwa picha.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Sababu unaijua: nikianza jambo usilolipenda unasema mtandao mbaya, unakata. Barua haikatiki, Mama. Isome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kaka alinisimulia ulivyowapokea wale vijana wawili wa ofisi yetu waliokuja kuwaeleza watu wa bondeni kwamba tunakusudia kuchoma sehemu ya msitu wa serikali. Uliwapa viti, ukawapa maji, ukawasikiliza hadi mwisho, kisha ukawauliza kama kazi ya kutunza miti imewashinda hata sasa wanalipwa kuichoma. Walirudi wamenywea. Mmoja akasema yule mama angefaa kuwa hakimu. Nikacheka pamoja nao, nisiseme huyo hakimu ni wa nani.

Lakini Mama, kazi hii nimejifunza kwako. Kila mwaka kabla ya kiangazi, wewe na marehemu Baba mlikuwa mkifyeka ukanda kuzunguka shamba, mnauchoma polepole upepo ukiwa umelala, sisi watoto tumeshika matawi mabichi ya kupigia cheche. Ulikuwa ukisema dawa ya moto ni moto. Siku hizi msemo huo umeuhamishia kwenye ugomvi wako na jirani mwenye kuku, lakini mimi niliusikia kwanza pale shambani. Nasi tunafanya yale yale, ila shamba letu ni kubwa na mwenye nalo ni umma. Sehemu ile haijachomwa tangu niko shule. Majani makavu na matawi yaliyoanguka yananifika magotini. Mtu akitupa kipande cha sigara siku ya jua kali, moto utapanda hadi vileleni, na hapo hakuna wa kuuzima. Utashuka bondeni kabla hujavaa ndala.

Kuwasha si kazi, Mama. Kinachotuumiza kichwa ni upepo. Ukivuma upande mmoja, moshi unakwenda mjini, kwenye hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, na kwenye barabara kuu ambako madereva wasioona mbele watagongana. Ukivuma upande wa pili, unakuja bondeni kwenu, penye nyumba chache. Mchana moshi hupanda ukapotea, lakini usiku hewa ikipoa huteremka, ukalala chini mpaka jua litoke. Ndiyo maana kwenye kikao cha kupitisha mpango daktari wa hospitali ile aliuliza kama katika nyumba zile yupo mgonjwa wa kifua. Wote wakanigeukia, kwa sababu mpango niliuandaa mimi. Nikajibu kwamba yupo mmoja, mama mtu mzima, ana pumu. Akauliza nimemjuaje.

"Ni mama yangu," nikasema.

Mkuu wetu tunamwita Mzee Kesho, kwa kuwa kila jambo kwake ni kesho, na kwa kawaida jambo hilo hunikera. Siku hiyo alisema kwa huruma ya kweli kwamba tunaweza kungoja mwakani. Nilitamani sana kukubali. Lakini mwakani upepo ni ule ule, nyumba ni ile ile, na majani yatakuwa yameongezeka. Moto wa bahati mbaya nao haukai kikao, wala haumuulizi mtu kama ana pumu. Nikamwambia tusingoje. Akasema basi nitangulie mimi kutia sahihi kwenye kibali naye atafuata, na nisipotia, hatatia.

Nimetia, Mama. Upepo wa kuja kwako nimeuchagua mimi, mtoto uliyemnyonyesha. Nilikwenda kulia kwenye choo cha ofisi nikiwa nimefungulia bomba wasinisikie. Sasa kasirika, kisha endelea kusoma.

Moto ni Alhamisi. Kaka anayekuletea barua hii hajui kilichomo, kwa hiyo usimgombeze. Anajua tu kwamba Jumatano atakuja na gari akuchukue ukalale kwake mpaka moshi uishe. Najua utakataa. Tangu Baba atutoke hujalala nje ya nyumba hiyo hata mara moja, na ulishasema hutaki nyumba yake ilale giza. Haitalala giza. Tukishamaliza kuwasha, wenzangu watabaki kulinda mipaka, nami nitashuka bondeni. Nitawasha taa ya dirishani. Nitamwagilia maua yako. Nitalala kitandani kwako, na moshi nilioutuma nitauvuta mimi.

Kwenye kibali niliongeza sharti kwa mkono wangu: kisiwashwe kitu mpaka kaka apige simu kusema umeshafika kwake. Hakuna atakayekulazimisha. Ukisema hutoki, basi hakuna moto, na sitakununia. Ila kila kiangazi kikija nitakuwa nalala macho yakiwa upande wa bondeni. Ninaogopa sana, Mama.

Ukienda, usisahau dawa yako ya kuvuta. Nisalimie jirani wa kuku hata kama hamsemezani, umwambie afunge madirisha. Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu.

Ufunguo niachie chini ya chungu cha maua, pale pale pa siku zote.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Kidomo