Moto wa Kuwashia Nyumba Mpya

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unishike mkono, kwa maana hapa kwetu milimani Meru kila mtu ana neno lake na nyumba yangu bado ni baridi. Tumeruhusiwa kutoka kile kijiji kilichozungushiwa mtaro tulikofungiwa na Serikali wakati wa Hali ya Hatari, kila mtu arudi shambani kwake, na mume wangu Kiogora amejenga palepale ilipokuwa nyumba yetu ya kwanza, wanawake tuliokuwa nao kijijini wakaja wakaezeka nyasi kwa nyimbo, ukabaki moto tu, sasa mama mkwe anasema nyumba mpya haiwashwi kwa kiberiti, huwashwa kwa moto wa nyumba nyingine, na Kiogora naye anaapa moto wa kijijini hautavuka kizingiti chake, na jirani pekee aliyekwisha kurudi ni Makandi, ambaye tuliteka maji pamoja tangu tulipoolewa, lakini mumewe Kathuri alikuwa homgadi, mlinzi wa Serikali, na ndiye aliyeichoma ile nyumba ya kwanza, mbegu zangu za njahi zikiwa ndani.

Juzi Makandi alisimama mpakani akaniita, "Mama Kawira, moto iko kwangu, kuja tu uchukue."

Nikamjibu, "Hiyo tunajua."

Akageuka akaenda zake. Tangu hapo napika nje kwenye mvua na roho inaniuma, maana mumewe namchukia lakini Makandi mwenyewe nina hamu naye. Nifanye nini?

Karwirwa, Mama Kawira

JIBU

Mama Kawira, pole. Aliyechomewa nyumba haambiwi asahau, nami sikuambii. Lakini jibu lako lilikuwa tamu mdomoni tu, na sasa unakula ugali wa mvua. Makandi hakuchoma kitu. Alikuja mpakani peke yake, na kwa mke wa Kathuri hilo si jambo dogo. Kiogora naye apunguze kuapa. Kiapo hakiezeki nyumba. Mnataka kurudisha ujirani, na majirani ndio hao mlio nao.

Waite tena wale wanawake walioezeka, waje asubuhi, watu waone. Mwambie Makandi umeukubali moto wake, ila hutakwenda kuuchukua. Kigae cha makaa akilete Kathuri mwenyewe, kwa mikono yake, akiukinga upepo usiyazime. Akikataa, pika nje, aibu ni yake. Akija, pokea kigae, mwingize Makandi ndani mpulize moto pamoja.

Kathuri akiuliza apitie wapi, usimwelekeze. Njia anaijua.