Shikamoo ya kwenye kaseti

Mjukuu wangu Neema, hujambo? Huku Issuna tu wazima, na alizeti zangu zimewashinda majirani wote.

Umeuliza kama ni vibaya mashine imfanye marehemu baba yako aongee nawe ndani ya hiyo miwani yenu ya kompyuta. Hata mimi nimemkumbuka.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na redio kaseti zikajaa madukani, baba yako, fundi asiye na mfano Dar nzima, alinitumia sauti yake kwenye kaseti. "Shikamoo mama!" Nikaitika, "Marahaba, baba!" Jirani akacheka: "Unaitikia redio!"

"Naitikia mwanangu. Wa kwako amekutumia nini?"

Salamu ile aliituma mwenyewe. Wewe ukiiambia miwani, "Shikamoo baba," hiyo marahaba itakuwa ya nani?

Ni mimi bibi yako, mama wa fundi.