Kitu Ulichokiona kwa Kemi

Hamugembe, Bukoba
Jumatatu ya kwanza ya Julai

Dada yangu Kokuteta,

Mwanao Kemi amelala. Nianze na hilo usihangaike, maana jana nilikaribia kumpoteza.

Ukiwa wodini uliniambia, "Kemi mwangalie, kuna kitu." Nilidhani unasemea afya yake. Tangu nimchukue baada ya matanga, hicho kitu nimekiona. Anashika kitabu na kusoma ukurasa mzima bila kukosea, kama alivyokusomea jikoni ukimenya ndizi. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja. Akashindwa kuendelea. Neno alilolipata mstari wa juu, mstari wa chini halijui tena. Yuko darasa la pili na bado b na d zinamchanganya. Siku za wiki anazitaja zimerukana. Asubuhi za shule tumbo linamuuma. Jumamosi mzima kabisa, anakimbizana na kuku.

Mwalimu wake, mtu mpole tu, alisema ni Kihaya. "Katoka kijijini Ngenge juzi, Kiswahili hakijamkaa. Kitakuja chenyewe." Kila mtu alisema hivyo, nami nikangoja. Mwisho nikampeleka kwa mwalimu wa elimu maalumu hapa mjini. Akataka kwanza apimwe macho na masikio. Vyote vizima. Akaniambia huenda ni disleksia: si ujinga wala uvivu, ila kuunganisha herufi na sauti kunampa shida, na akifundishwa kwa njia inayomfaa atasoma. Hakutaka kuapa. Anahitaji kukaa naye muhula mzima.

Ta Ishengoma, kaka mkubwa wa marehemu mumeo, akasikia matokeo ya shule. Akaita kikao cha ukoo. Kemi aache shule, arudi Ngenge kwa bibi yake, apalilie migomba.

Basi jana tulikaa sebuleni kwenu Ngenge. Kahawa ya kutafuna ilipozungushwa nikaangusha punje. Ta Ishengoma akamwita Kemi katikati, akampa kitabu cha nyimbo cha bibi yake, kile cha Kihaya.

"Soma. Hiki si Kiswahili, usikisingizie."

Mtoto akakitazama. Binamu zake wakaanza kuchekea mikononi. Chozi likadondoka juu ya ukurasa, naye akalifuta haraka, kama wewe.

"Mnaona? Hata Kihaya hawezi!"

Nikasimama. Unanijua, mimi si wa kusimama mbele ya wazee wa ukoo. Nikasema, "Ta, hapo ndipo penyewe. Shida ingekuwa Kiswahili, hiki angekisoma. Hii ni lugha aliyozaliwa nayo. Tumekuwa tunangoja Kiswahili kimkae, kumbe shida si Kiswahili."

"Basi ni mjinga."

Bibi yake akaweka kikombe chini. "Mjinga? Leo njiani kanirudishia mahubiri yote, mpaka pale padri alipokohoa. Wewe ulisinzia, Ishengoma, ukakoroma."

Watu wakacheka, hata Ta Ishengoma mwenyewe. Halafu akakunja uso. "Mpaka shule zifungwe Desemba. Asiposoma, anarudi hapa."

Huo ndio muda tuliopewa, dada. Muhula mmoja. Naogopa. Herufi zinamjia moja moja, na Ta Ishengoma hasahau neno lake.

Jambo moja zaidi. Yule mwalimu wa mjini aliniuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye shida hii. Nikajibu hapana. Jana baada ya kikao nilikwenda kibanjani, kwenye migomba yenu, nikakaa kando ya kaburi lako, nikakukumbuka tukiwa mlangoni pa kanisa, mbele ya ubao wa matangazo, ukiniambia: "Nisomee, mdogo wangu, nimesahau miwani." Ilikuwa hivyo sokoni. Hata kadi za harusi.

Dada, hukuwahi kuwa na miwani.

Nilikaa pale mpaka Kemi akanifuata kunishika mkono.

Kwa hiyo barua hii sitaiacha kaburini kwako ikiwa imekunjwa. Nitakuja Ngenge nikusomee kwa sauti, polepole, Kemi akiwa pembeni yangu. Siku atakayotaka kukusomea mwenyewe, hata mstari mmoja, nitampisha. Na hatajificha kama ulivyojificha peke yako miaka yote ile. Hilo nakuahidi.

Pumzika. Na huko uliko utukumbuke, hasa asubuhi za shule.

Mdogo wako,
Asimwe