Kwa Mama Mkwe Niliyemtibu Kupitia Ukuta

Mama,

Usishtuke, ni mimi Javan, mume wa Rasoa wako. Najua ukisikia sauti yangu mkono unakimbilia leso ujifunike uso, lakini sasa pumzika. Sidhani huko uliko kuna ile njia nyembamba ya kwenda mtoni, ambapo mkwe akitokea wewe unaingia kwenye mahindi na yeye anaingia kwenye mtaro. Tangu nimwoe binti yako sijawahi kukuambia neno bila kumpitisha mtu katikati, ndivyo mila yetu inavyotaka. Hii barua ndiyo ya kwanza. Mimi ambaye nilibishana na Wahindi wa Jinja kabla hawajafukuzwa, nikacheka na mabaharia pale Kilindini, nikamfunga bandeji meneja Mzungu huku analia kama mtoto! Katika Afrika Mashariki nzima ni mwanamke mmoja tu ambaye sikuweza kumwambia habari ya asubuhi.

Basi habari yangu ni hii. Nilienda intaviu ya unasi, kazi ya kuuguza wagonjwa.

Cheka kwanza, nitangoja. Ndiyo, mimi wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililiacha kabla halijaisha. Hospitali moja ya misheni upande wa Bomet ilitangaza kwamba inataka watu ambao tayari wameshika vidonda kwenye dispensari za mashamba ya chai, iwasomeshe unasi kwa njia ya mkato, nusu ya muda ambao watoto wa sekondari wanasoma. Arap Koech, dresa wetu mkubwa, yule ninayemsaidia kufunga vidonda dispensarini, ndiye aliyeniletea habari. Akasema, "Javan, mimi nimezeeka, na Kiingereza changu kilizeeka kabla yangu. Nenda wewe. Mdomo unao." Nikamwambia mdomo ni wa kuongezea tu, shahada yangu ni mikono. Unajua mimi.

Niliandika maombi nikayaandika tena mpaka karani wa ofisi akaninyima karatasi. Rasoa aliipiga pasi suruali yangu ya harusi hadi ikang'aa magotini. Tai niliazima kwa mwalimu wa Jumapili. Siku ya kwenda, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya chai, lakini wachumaji walikuwa tayari kwenye mistari, na mmoja aliponiona akapaza sauti: "Daktari! Ukifaulu usitusahau!" Mwingine akamjibu kutoka chini, "Na ukianguka pia urudi, vikapu vipo!" Nikawapungia mkono kama waziri.

Nilikuta watu watatu mezani. Kulikuwa na Matroni, mkuu wa manasi, mama wa Kizungu aliyekaa nchi hii mpaka Kiswahili chake kinanuka kanisa. Kulikuwa na daktari kijana, Mkipsigis, ambaye hakuniangalia sana. Na kulikuwa na mzee mmoja mwenye miwani, ndiye anayewafundisha manasi, ambaye aliposema tu "karibu" nikajua ni mtu wa kwetu, wa vilima vile vya magharibi. Nikafurahi. Nikasema moyoni, Javan, hapa uko nyumbani.

Wakauliza mtoto akichomwa na uji utafanya nini. Nikajibu. Mtu akipigwa na radi. Nikajibu. Kisu cha kukatia chai kikiingia mguuni. Hapo nilijibu na nikaongeza mambo ambayo hawakuuliza. Niliwaeleza hata jinsi nilivyomng'oa nyapara mmoja jino huku nikimwimbia. Daktari kijana akaanza kutabasamu. Nikaona kozi iko mfukoni.

Ndipo yule mzee akavua miwani, akaipangusa polepole. "Javan," akasema, "wewe ni mtu wa kwetu, kwa hivyo kuna swali ambalo hawa wenzangu hawawezi kukuuliza. Mama mkwe wako ameletwa wodini. Ana kidonda mahali ambapo hapaonyeshwi mtu. Nasi aliyepo ni wewe peke yako. Utamfunua umwoshe, au utafanyaje?"



Mzee hakujua lolote juu yako. Swali hilo anawauliza wanaume wote wa kwetu, maana wengi wanajibu "ndiyo, bwana" upesi upesi, halafu siku ya wodini wanatoroka kupitia jikoni. Hata mimi hiyo "ndiyo, bwana" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Ikakataa kutoka.

Kwa mawazo nilikuwa nimerudi kambini, siku zile zako. Ulipokuja kumwona Rasoa amejifungua, nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja tu cha kampuni, na mama mkwe halali kwa mkwe wake. Tukakuweka chumba kinachofuata, kwa Mama Ayub, yule mjane wa kwetu. Ukuta wa kambi unaujua, haufiki kwenye mabati. Ukigeuka kitandani nasikia. Nikipiga chafya unasikia. Lakini heshima ni heshima. "Rasoa, mwambie mama chai iko tayari." Wewe ulikuwa umeshasikia kabla Rasoa hajafungua mdomo, lakini unangoja aseme, ndipo unajibu, "Mwambie mkwe asante." Na mimi pia nangoja nipelekewe hiyo asante. Watoto wa kambi walitucheka mpaka wakachoka. Tukimaliza kula namsimulia Rasoa mambo yangu ya Jinja, na sauti naipandisha makusudi, maana najua uko pale unacheka ndani ya blanketi. Ile ya Mhindi na punda ilipoisha nilikusikia unasema peke yako, "Huyu mtu ni mwongo kabisa." Nimesifiwa na watu wakubwa, mama. Hakuna sifa iliyonifurahisha kama hiyo.

Kisha ukaugua. Rasoa akaniambia ni jipu, liko juu kabisa pajani. Arap Koech alikuwa kwake Litein kwa likizo, kwa hivyo dispensari nzima ilikuwa mimi. Mimi ambaye nimeosha mapaja ya kambi hii yote, ya wazee na ya vijana! Nikaketi upande wangu wa ukuta. "Rasoa, muulize mama kama ni gumu au ni laini." Ukamjibu, akanijibu. "Muulize kama lina moto." Nikatoa dawa ya kuoshea, nikatoa poda, nikatoa vidonge. Nikamfundisha Rasoa kufunga bandeji kwa kuifunga kwenye paja langu mwenyewe, kisha akapita mlango wa pili kukufunga wewe. Na kila siku ni vilevile, nimeegemea ukuta kama mtu anayesikiliza redio. "Linaendeleaje?" "Mama anasema linapoa." Nikajipiga kifua. Nikasema, mnaona daktari huyu, anaponya hata mgonjwa ambaye hajamwona! Nilisema hivyo, mama. Nilisema kwa nguvu ili usikie.

Arap Koech aliporudi aliingia kukuona, akatoka, akaenda moja kwa moja kuomba landrova ya kampuni. Hapo nikajua jipu halikuwa linapoa. Ulipobebwa kupelekwa Kericho nilisimama kando, nimegeuza mgongo, kama inavyotakiwa mkwe asimame. Hukurudi.

Sasa nilikuwa mbele ya watu watatu wananingoja. Nikasema, "Mzee, mtihani huu nimeshaufanya, na nilianguka." Nikawaeleza. Sikutia chumvi hata chembe, na wewe unajua jinsi hiyo ilivyo kazi kwangu.

Yule mzee akauliza, "Na ukirudishiwa leo?"

Nikasema, "Leo ningenawa mikono, ningeingia, ningemfunua, ningemwosha. Halafu ningelipa mbuzi wa aibu, na kwao nisingekanyaga tena. Lakini yeye angekuwa hai wa kunikasirikia."

Hakuna aliyecheka. Yule daktari kijana alikuwa anaangalia dirisha. Matroni akakunja mikono yake, akasema, "Bwana Javan, tangu uingie umesema sana. Hapa umesema kidogo. Nenda salama."

Nilirudi nikijua nimeanguka. Wachumaji wakaniuliza, nikawaambia wamenibembeleza nibaki nikakataa. Sasa ningesema nini?

Kumbe wamenichukua. Jibu lilikuja ofisini, karani akalisoma kwa sauti kabla hajanipa, kwa hivyo kambi ilijua kabla yangu. Vigelegele! Arap Koech alileta mursik, yale maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu chake kizuri, akanipa ninywe wa kwanza, mimi mtu wa kuja, mbele ya watu wake. Akasema, "Sasa utarudi hapa unitume mimi maji." Nilicheza mpaka kiatu kikafunguka.

Watu walipotawanyika, Rasoa akaniuliza waliniuliza nini huko. Nikamwambia lile swali, na nikamwambia nilivyojibu. Akaweka sufuria chini.

"Kwa hivyo hao wageni umewaambia," akasema. "Na mimi, tangu tumzike mama, hujaniambia hata neno moja juu yake."

Kweli. Nilikuwa nimeongea juu ya kila kitu, juu ya siasa, juu ya mvua ya mawe iliyopasua chai, juu ya gari la Mzungu. Nilikuwa namchekesha kila siku, nikidhani hiyo ndiyo pole.

Halafu akasema lile ambalo alikuwa amelibeba peke yake. "Lilikuwa limegeuka rangi, Baba Dorika. Nilitaka kukuambia. Mama akanishika mkono akasema, mwambie mkwe linapoa. Ukimwambia kweli atataka kuja, na akija atajuta maisha yake yote."

Mama. Ulinikinga. Umelala pale unaungua, na unafikiria nisije nikajuta. Na sasa ona. Nimejuta vilevile, tena bila kukuosha.

Simlaumu Rasoa. Wewe nitakulaumu vipi? Ile heshima tulipewa na wazazi wetu kwa upendo, na sisi tuliishika kwa upendo, kila mtu kwa upande wake. Lakini kuna jambo moja linaniuma kuliko hata jipu, na nitalisema mara moja tu. Sikujui uso. Rasoa akisema huyu mtoto wetu mdogo amechukua macho yako, mimi naitikia, "Kabisa, kabisa," na sijui ninachoitikia. Namwangalia mtoto sana siku hizi. Nadhani anaanza kunishuku.

Jumatatu naenda. Godoro nimelifunga kamba, viatu vyeupe Arap Koech alinichagulia Kericho, akanunua vikubwa kidogo akisema miguu ya nasi huvimba. Rasoa atabaki kambini na watoto, na Mama Ayub amesema atawaangalia Rasoa akienda kuchuma chai. Usiku wa kuamkia leo tuliongea juu yako, mimi na Rasoa, mpaka mtoto akaamka akidhani kumekucha. Tutaendelea.

Kwaheri, mama. Nakuachia ahadi, na hii hutasema ni uongo. Binti zetu wataolewa siku moja, na Rasoa ndiye atakuwa mama mkwe wa mtu. Akiugua huko, na huyo kijana akawa na mikono inayojua kazi, mimi nitamtafuta popote alipojificha na heshima yake, nimshike bega nimwambie, "Kijana, nawa mikono, uingie." Najua Rasoa atakataa. Ni binti yako. Atavuta blanketi, atasema mwambie mkwe ninapoa. Basi nipe ruhusa moja tu, mama. Siku hiyo akikataa, nimwambie kwamba wewe umekubali.

Mwanao,
Javan