Melkiadi Hatungimana, Aliyetufundisha Kura na Asipige Yake

Mwaka mmoja umekatika, Baba Maximilla, tangu asubuhi ile ya Juni 1976 ulipotuacha hapa Muyama. Naandika mimi, mkeo Epifania, kwa niaba ya nyumba yote, kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe. Mara nne nimejaribu kuandika wewe ulikuwa nani, na kila nikifika kwenye siku ya uchaguzi nakwama.

Nianze na yasiyonichanganya. Ulikuwa mpole. Ulimsalimia kila mtu, "Mwakeye," hata aliyekugombeza jana yake, ukangoja mpaka ajibu. Tonge la mwisho la ugali ulimwachia mwenzio. Miaka kumi na mitatu ulikata mkonge Korogwe, ukarudi na blanketi, kikohozi na hadithi moja.

Hadithi hiyo uliipata kwa katibu wa chama cha wafanyakazi kule shambani, aliyekuwa akiwasomea kitabu cha historia jioni mkitoka kazini. Ulipoanza kufundisha kisomo cha watu wazima, kila darasa jipya ulilisimulia. Kwamba Uingereza, zamani za Malkia Viktoria, wafuma nguo na wachimba makaa ya mawe hawakuwa na kura, kwa kuwa hawakuwa na mali. Wakaandika hati kudai kila mwanamume mtu mzima apige kura, wakazunguka nayo viwandani na migodini mpaka ikapata majina zaidi ya milioni tatu. Wakaibeba mabegani hadi bungeni. Ilikuwa kubwa hata haikupita mlangoni, ikabidi iingizwe vipande vipande. Wabunge wakaikataa.

"Mara tatu walipeleka, mara tatu wakarudi mikono mitupu," ulituambia. "Kura ilikuja baadaye, kwanza kwa wafanyakazi wa mijini, halafu kwa vibarua wa mashambani. Wengi waliotia sahihi walikuwa wamekwisha kufa."

Nami nikauliza, "Na wanawake je?"

Ukanigeukia. "Hao walingoja mpaka Malkia mwenyewe akafa."

Darasa zima lilicheka. Wewe hukucheka.

Yako mwenyewe uliyaleta siku nyingine, tukipukuchua mahindi, kana kwamba ni habari ya mtu wa mbali. Mwaka 1958 ulikwenda kujiandikisha kule Korogwe ukaulizwa kama una elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni mia na hamsini kwa mwaka. Hukuwa na hiki wala kile. Ukarudi kukata mkonge. Ndiyo maana baada ya uhuru, kila uchaguzi ulivaa shati jeupe ukafika kituoni kabla ya makarani.

Basi nieleze ile Jumapili ya Oktoba 1975.

Ulimpitia Ndihokubwayo, jirani yetu aliyekimbia Burundi mwaka 1972, aliyelima nasi bega kwa bega na kujifunza kusoma darasani kwako. Ukamwambia, "Twende wote." Nilidhani unamchukua kwa mazungumzo ya njiani tu. Lakini mlipanga foleni pamoja, nami nyuma yenu, na mlipofika mezani karani alisema kwa heshima, "Mwalimu, huyu ni mkimbizi. Hayumo kwenye daftari."

"Najua," ulisema.

"Wewe umo. Karibu."

"Mke wangu atangulie. Nitakuja."

Ukanishika mkono hadi mlangoni ukaniachia. Nilipotoka nilikukuta umekaa na Ndihokubwayo kwenye benchi, ukutani mwa darasa lililokuwa kituo. Yeye alikuwa anakusihi kwa Kirundi uende, usimtie aibu. Saa zilipita. Kituo kikafungwa, nawe ukainuka, ukajipangusa vumbi, tukarudi nyumbani.

Mtu wa tawi la chama alipokuja kuuliza, ulisema kichwa kilikuuma. Wewe, uliyekuwa hujui kusema uongo hata kwa mtoto. Wiki iliyofuata ulimkabidhi mwalimu mwingine chaki. "Asiyepiga kura asifundishe kura," ulisema, na wanafunzi wako wakaja hapa uani wakakaa kama msibani.

Maximilla anasema ulikuwa unamtetea rafiki yako. Mdogo wako Stanislaus anasema hapana, ulikuwa umechoka, mkonge ulikula nguvu zako. Ndihokubwayo mwenyewe, tukimuuliza, huinamisha kichwa. Kuna siku anasema ulimheshimu kuliko ndugu, na kuna siku anasema ulimbebesha mzigo ambao hakuuomba. Mimi nimekubaliana na wote kwa zamu. Kwani kama ulikuwa unaikataa kura, mbona ulinipeleka mimi mpaka mlangoni? Na kama uliipenda, mbona uliiacha ipite?

Nilikuuliza ukiwa mzima ukasema, "Sijui, Epifania. Miguu ilikataa." Nikakuuliza tena Mei, ukiwa kitandani, nikikupa uji. Ukanywa tu. Nikaona labda nikikueleza yangu utanieleza yako. Nikasema, "Basi mimi nilipoingia mle ndani nilichagua..."

Ukaweka mkono wako juu ya wangu. "Usiniambie. Hata mimi. Ni yako peke yako."

Ukafumba macho, ukalala. Ilikuwa mara ya mwisho kuzungumza habari hiyo. Mpaka leo sijamwambia mtu yeyote, na sijui kama nimekuelewa au nimekutii tu.

Ndihokubwayo alichimba kaburi lako, hakukubali kupokelewa jembe. Darasa bado linaendelea. Mahindi mwaka huu yamekuwa mazuri.

Unakumbukwa na mkeo Epifania. Binti yako Maximilla, aliyeko Kasulu. Mdogo wako Stanislaus. Rafiki yako Ndihokubwayo na wa nyumbani kwake. Na wanakisomo wote wa Muyama.

Tutakukumbuka siku zote, pamoja na yale tusiyoyajua.