Ndama Wamebaki Zizini

Jumanne, 7 Juni 1966

Miezi minne hujalifungua daftari hili, Amino, nafsi yangu. Ulikuwa unamsukia nani mkeka? Marehemu mumeo alikufundisha herufi kwa taabu, wewe unaziacha ziote kutu. Haya huna.

Basi andika. Jana askari wamechukua ng'ombe wangu kumi na mmoja malishoni. Wako boma la serikali, nyuma ya ofisi ya D.C., mkuu wa wilaya. Kosa lao ni alama ya moto ubavuni, ya ukoo wa marehemu. Eti wenye alama hiyo walitega bomu barabara ya Wajir. Ng'ombe wangu, watega mabomu! Ndama walibaki zizini kama kawaida. Wanalia tangu jana.

Jumatano, 8 Juni

Ofisini. Karani Kinoti, mtu wa Meru. Si mbaya, ila kalamu imemla. Nikamwambia mbunge wetu Olow yuko Nairobi, ataiangusha sheria hii ya kukamata mifugo ya ukoo mzima. Akacheka kidogo, akaniita bibi kwa Kisomali.

"Ayeyo, sheria ya kwetu inapita Bungeni. Hii ya kwenu huku kaskazini mkubwa anatia saini, kesho yake inafanya kazi."

"Na wabunge?"

"Wanaletewa nakala."

Nakala. Kwetu ugaas, mkuu wa ukoo, hafungui mdomo mpaka mtu wa mwisho barazani amalize. Akitangulia, watu wanavaa viatu wakaenda zao.

"Huko juu," Kinoti akasema, "wa kwanza ndiye wa mwisho."

Mnada wa ng'ombe wangu ni Jumatatu.

Jumamosi, 11 Juni

Olow amerudi. Suti, tai, mikono mitupu. Alisema Bungeni? Alisema. Wengine walisinzia, mmoja akamwita shifta, mwasi wa porini. Waziri akamjibu kanuni ilishaanza kazi kabla hajasimama.

"Shangazi, mimi nina sauti tu."

"Hata ndama wana sauti," nikamwambia.

Nikampa chai ya maziwa ya kopo, aone alichoniletea. Amekonda, maskini — nikamwongeza anjera, mkate wetu mwembamba. Hasira yangu haigombani na njaa yake.

Jumapili, 12 Juni

Ndama mdogo hasimami tena. Nimeamua. Kesho asubuhi nawapeleka wote kwenye ua wa miba wa boma, jirani yangu Bishara atawaswaga kwa nyuma. Ng'ombe akimsikia mwanawe, miba haimzuii.

Kinoti kapita, kanikuta nasuka kamba. Nikamwambia za nini.

"Ayeyo, kuna kanuni inakataza."

"Ya lini?"

Akafikiri. "Labda wanaitia saini sasa hivi."

Ukirudi hapa kesho, Amino, usianze na matusi. Hesabu ndama kwanza.