Nguo za Baridi Ulizoniachia

Mpendwa Baba Mwanamisi,

Amani ya Mungu ikufikie hapo ulipolazwa. Dua zangu nakuletea kila baada ya sala. Eda nimeimaliza Jumanne. Mwanamisi wetu, aliyetualika sote wawili tukapumzike kwake huko kaskazini kabisa ya Norwe anakofanya kazi, amekwisha kunisogezea mbele tarehe ya tiketi mara moja. Leo alitaka jibu: naja au siji. Nilikuwa nimeamua siendi, nikafungua sanduku letu la safari ili nigawe vilivyomo.

Wakumbuka tulivyolipanga? Wewe, dobi wa hoteli ya Diani kwa miaka yote ile, ulijifanya bingwa wa baridi usiyowahi kuiona, kwa kuwa tu umezifua sweta za Wazungu. Ulizitandaza nguo kitandani moja moja: ya kwanza ya sufu nyembamba, igusane na ngozi; ya pili nzito, ishike joto; ya juu ya kuzuia upepo na theluji. Mimi nikachomeka leso mbili za kujifunga hapo katikati. Ukazitoa.

"Mama Mwanamisi, pamba ni ya hapa Msambweni. Kule italowa jasho, ikugandie mgongoni."

"Na kujisitiri je?"

"Utajisitiri kwa sufu. Kwani sufu haisitiri?"

Nilikununia mpaka alasiri. Mabuti nayo ulinichagulia yaliyonizidi namba moja, ukasema soksi nene zataka nafasi na kiatu kikibana damu haifiki vidoleni. Kisha ukavaa vyako vyote kwa pamoja, kofia ya masikio, glavu na lile koti, ukatoka barazani saa saba ya mchana ili upime kama joto linatosha. Bi Mwanakombo wa jirani akapita, akasimama.

"Baba Mwanamisi, una homa?"

"Sijambo, Bi Mwanakombo. Nazoea safari tu," ukamjibu kwa adabu zote, jasho likikuchuruzika. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wiki ya pili yake, siku ya Ijumaa, moyo wako ulisimama wakati unatawadha.

Nguo zako ziligawanywa, kama ilivyo ada. Nduguyo Hamisi alichukua kanzu na vikoi, mashati yakaenda kwa mwalimu wa madrasa. Zote za kila siku zenye harufu yako zikaondoka. Koti la baridi hakuna aliyelitaka. Nani atalivaa Msambweni? Likanibakia mimi, nami nililitazama tu.

Sikulia, Baba Mwanamisi. Siku ya mazishi sikulia, wala arubaini, wala nilipotoka eda. Wanawake wenzangu wanasema, "Mashallah, ana subira huyu." Nawaacha waseme. Si subira. Chakula nakila, sala naswali, mtu akinisemesha namjibu, na ndani hakuna kitu. Nimeanza kuogopa kwamba pengine nilikupenda kidogo kuliko nilivyodhani.

Leo asubuhi Mwanamisi akapiga simu. Nikamwuliza vya kubeba, ili tu nisimpe jibu. Akataja vile vile ulivyovitaja wewe, akaongeza mafuta mazito ya uso, maana ya nazi yatakuwa jiwe kabla sijafungua chupa. Halafu akaniambia jambo ambalo wewe hukunifundisha.

"Mama, huku nje vidole vikikuuma usihofu. Hofu vikiacha kuuma. Hapo usingoje hata kidogo, ingia ndani kwenye joto."

"Na vikishapata joto?"

"Vinauma vibaya mno. Mimi mwaka wa kwanza nililia kama mtoto. Lakini ndiyo vinapona hivyo, mama."

Vile nilivyokwisha kuvitoa nikavirudisha sandukuni. Nikamwambia naja.

Nakuaga, mume wangu. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Nakwenda kwa mwanetu, nikakulilie.

Mkeo,
Mama Mwanamisi